Maombi ya Mwende

Jumatano. Kosa ni langu. Kwa grupu ya akina mama wa kanisa niliandika tu, "Mniombee, Mwende wetu anapasuliwa tumbo leo hapa Mukuyuni." Sikusema Mwende ni mbwa, na kwamba daktari wa mifugo anamfunga uzazi kwa bei nafuu.

Jioni wakaja sita, na unga na sukari, wakitaka kuona mgonjwa. Nikawaonyesha. Amelala kwa gunia, ulimi nje.

Mama Pasta akasema, "Si tumeshafika? Tuombe tu."

Akaomba vile huwa anaombea wanawake wote: "Bwana, fungua tumbo lake, mpe watoto wengi."

Nikaitikia amina. Lakini nina wasiwasi. Watoto tisa wa mwaka jana bado sijamaliza kugawa, na huyu mama akiomba, Mungu husikia.