Nilisema Ni Flopi za Bi. Phelista

Kwako mshauri Jepkosgei,

Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana, hii ni ya tano, na ukiona inafaa kuchekwa naomba uicheke ukiwa peke yako halafu unisaidie, kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, kwetu ni karibu na Kimilili, na niko mwaka wa tatu chuo kikuu nikisomea digrii ya pamoja ya hisabati na sayansi ya kompyuta. Sasa hivi niko Kitale kwa senge yangu Rispah, dada wa baba, nimemwambia nimekuja kumsaidia kupalilia mahindi, lakini ukweli ni kwamba nimekimbia nyumbani.

Nianze na hiyo digrii maana matatizo yalianzia hapo. Watu wa kwetu wakisikia jina lake hulikata katikati, hisabati wanaiacha njiani, wanabaki na kompyuta. Siku barua ya chuo ilipokuja pasta alinisimamisha mbele ya kanisa akasema Mungu ametupa mtu wa kompyuta, baba yangu Mzee Levi akaanza kuitwa Baba Kompyuta, na tangu hapo kila nikija likizo naletewa redio zilizokufa, simu zilizoingia maji, hata cherehani ya mama mmoja wa kwaya, na mimi badala ya kusema sijui nasema wacha niiangalie. Mshauri, hesabu naziweza, nikipewa kitu cha kuthibitisha nakaa nacho mpaka kikubali, lakini upande wa kompyuta tuko wanne kwa mashine moja kwenye maabara, anayejua ndiye hushika kibodi na sisi wengine tunatazama mgongo wake, na mtihani tunaandika programu kwa kalamu kwenye karatasi, kwa hiyo naweza kukueleza programu inafaa kufanya nini lakini mashine yenyewe sijawahi kuishughulikia peke yangu. Mwaka jana nilirudia mitihani miwili ya upande huo na nyumbani hawajui.

Sasa ile shule niliyosomea sekondari ina kompyuta moja tu. Ililetwa kutoka Bungoma kwa boda boda mbili, skrini imefungwa blanketi kwenye baiskeli moja na sanduku lake kwenye nyingine, mimi nikiwa kidato cha nne, na anayeitumia ni karani wa shule, Bi. Phelista, ambaye huweka humo alama za wanafunzi wote. Huyo ndiye aliyenionyesha kipanya kwa mara ya kwanza, aliniita ofisini akaweka mkono wangu juu yake akasema, "Polepole, haiumi," na ndiye aliyenipigia taipu barua zangu zote za kuomba chuo bila kuniomba hata soda.

Wiki tatu zilizopita kompyuta hiyo ikaanza kuwa nzito, prinsipo Bwana Kimotho akamwambia baba, kwa sababu baba ni mwakilishi wa wazazi kwenye halmashauri ya shule, na baba akamjibu kwamba fundi yuko nyumbani anakula ugali. Nilikuja Kitale nikaazima sidii kwa kijana mmoja wa saiba, lile duka la intaneti, maana niliwahi kuwaona mafundi wa chuo wakiitumia kuifanya mashine iwe kama mpya, nikaenda nayo shuleni na baba akanifuata akiwa amevaa koti. Nilianza vizuri. Halafu ikafika mahali mashine ikaandika onyo kwamba kila kitu kilichomo kitafutwa, je, nakubali, nibonyeze Y au N. Nililisoma onyo hilo, Mshauri. Nilijua napaswa kusimama niulize kama kuna nakala za alama, lakini nyuma yangu walikuwa walimu sita na baba, na mwalimu wangu wa hesabu alikuwa anawaambia wenzake, "Huyu ni kazi ya mkono yangu huyu," nikaona nikisimama kusoma kama mtoto wa darasa la tatu watajua kwamba sijui. Bi. Phelista alikuwa mlangoni na birika la chai, akauliza, "Wakhungu mwanangu, hapo inauliza nini?" Nikamwambia, "Ni kawaida tu, mama," nikabonyeza Y kwa nguvu ili isikike. Mashine ilipowaka haraka walimu walipiga makofi, tukanywa chai na mandazi.

Kesho yake tuliitwa, mimi na baba. Alama za miaka minne hazikuwepo, barua hazikuwepo, hakuna kitu. Prinsipo akaniuliza, "Wakhungu, si ulisema ni kawaida? Hizo alama ziko wapi?" na mdomo wangu ukasema wenyewe kwamba ni virusi, kwamba vilitoka kwenye flopi za karani, zile diski zake ndogo, na kwamba vilikuwa vimeshakula kila kitu kabla sijafika. Bi. Phelista alinitazama, hakusema neno. Baba ndiye aliyesema. "Kijana yangu amesoma hii kitu, bana. Kama amesema ni fropi, ni fropi."

Prinsipo akauliza flopi zenyewe zifanywe nini, nikasema zichomwe zisije zikaambukiza tena, na kazi hiyo nikapewa mimi. Zilikuwa kwenye sanduku la viatu. Nilipofika kwenye shimo la takataka nikaona kila moja ina karatasi yenye mwandiko wake, Kidato cha Tatu Muhula wa Pili, Kidato cha Nne Muhula wa Kwanza, ndipo nikaelewa kwamba hizo ndizo zilikuwa nakala. Kiberiti nilikuwa nimeshakishika. Nilisoma nne au tano hivi, halafu nikazichoma zote, kwa sababu kama ningezirudisha wangeniuliza virusi viko wapi.

Bi. Phelista amesimamishwa kazi. Halmashauri inakaa Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu kuamua kama atafukuzwa kabisa, na baba yangu yumo, atainua mkono kumfukuza mtu kwa sababu ya neno langu. Naona aibu. Nikisema ukweli baba hataweza kuingia kanisani, na nikinyamaza yule mama amekwisha. Nimefikiria kumwandikia prinsipo barua isiyo na jina kwamba karani hana makosa, au ninyamaze tu nimalize digrii nipate kazi nzuri kisha nimtafutie Bi. Phelista kazi mjini. Ipi ni bora? Nimeacha nambari yangu ya simu hapo chini ila tafadhali usiichapishe.

Ni mimi niliyejificha kwenye mahindi, Kitale.

* * *

Wakhungu,

Hilo si jina lako, nimekubadilishia, na wengine wote pia. Ila wewe unajijua.

Mwanzo wa barua yako nilikuhurumia, nakwambia kweli. Kusoma watu wanne kwa kibodi moja si kosa lako. Kurudia mitihani miwili si dhambi, wapo waliorudia sita na leo wanaitwa daktari. Hata ile Y ningeweza kuisamehe, maana kijana akitazamwa na baba yake na walimu sita, akili huhama. Huruma yangu ilifika kwenye shimo la takataka ikakataa kuendelea. Pale hukuwa unatazamwa na mtu. Ulisoma mwandiko wa mama wa watu, ukajua ni nini, ukawasha kiberiti. Na usiniandikie tena kwamba mdomo ulisema wenyewe. Mdomo ni wako, unatembea nao.

Acha nikwambie kwa nini nimekasirika. Kabla sijapewa ukurasa huu nilikuwa mpiga taipu miaka tisa katika ofisi moja mjini Bungoma. Faili likipotea, mkubwa hatazami kabati lake, anamtazama karani. Nami nilitazamwa hivyo siku moja kwa jambo ambalo sikulifanya. Kwa hiyo nilipofika kwa Bi. Phelista aliyekutazama asiseme neno, niliiweka barua yako chini nikaenda kutafuta maji.

Sasa turudi mlangoni, pale aliposimama na birika. Wewe husema ukipewa kitu cha kuthibitisha unakaa nacho mpaka kikubali. Basi kaa na hiki. Mama huyu ameitumia mashine hiyo tangu siku iliposhuka kwenye baiskeli. Kusoma anajua, ndiyo kazi yake. Maandishi yalikuwa kwenye skrini mbele yenu nyote. Akauliza, "Hapo inauliza nini?" Unafikiri aliuliza kwa sababu hakujua? Alikuwa anakupa nafasi ya kuliona onyo bila kukuaibisha mbele ya baba yako. Ukaikataa kwa "ni kawaida tu, mama". Kesho yake ukamtupia virusi, na bado hakusema kwamba alikuona ukibonyeza. Kwa nini amenyamaza? Labda alijua hakuna atakayemsikiliza karani mbele ya mtu wa chuo kikuu. Labda hakutaka Mzee Levi aaibike pale pale. Mimi sijui na wewe hujui. Lakini siri unayoilinda huko kwenye mahindi, yule uliyemtendea anayo tangu siku ya kwanza.

Ile barua isiyo na jina, itupe. Prinsipo ataisoma, atadhani ameiandika Phelista mwenyewe, na utakuwa umemchoma mara ya pili. Na ile ya kumtafutia kazi mjini ukishakuwa mtu mkubwa, hiyo usimwambie mtu yeyote, utachekwa kweli. Mama ana kazi. Wewe ndiye unayemwondoa.

Utakwenda kwanza kwake, nyumbani, wala si shuleni. Usimpelekee hadithi ya kompyuta wala ya maabara yenu. Mwambie nilifuta mimi, nikakusingizia, na flopi nilizichoma nikijua ni za nini. Maneno hayo matatu yote, hata la mwisho. Hasa la mwisho. Kama atakufukuza uwanjani, ondoka kwa heshima, ana haki. Kutoka hapo nenda kwa baba yako kabla hajavaa lile koti. Ataumia, sitakudanganya, na huenda Jumapili moja au mbili akaketi viti vya nyuma kanisani. Lakini mzee anayeaibika sebuleni kwake bado anaweza kusimama Ijumaa akasema kijana wangu alidanganya, na watu watamheshimu kwa hilo. Mzee aliyemfukuza mama asiye na kosa, akaja kujua baadaye kwamba mwanawe alimtumia, huyo utamkosa kabisa. Mwambie na ile mitihani miwili. Ukishafungua mlango fungua wote.

Kisha kaa uandike barua yenye jina lako na sahihi yako, uipeleke kwa prinsipo kwa mkono, uombe uisome mwenyewe mbele ya halmashauri. Wakikuzuia usikanyage shule hiyo tena, kubali. Wakikuruhusu, waambie utazirudisha alama. Zipo. Kila mwalimu ana daftari lake la alama, na wazazi wamehifadhi ripoti za watoto wao kwenye mabegi chini ya vitanda. Zikusanye wewe, nyumba kwa nyumba, na ukiulizwa unatafuta nini useme kwa nini. Halafu, kama Bi. Phelista atakubali kukaa chumba kimoja nawe, yeye ashike kibodi na wewe usome alama kwa sauti. Usiguse chochote mpaka akwambie.

Na redio za watu zirudishe, pamoja na cherehani. Waambie wenyewe, "Sijui kutengeneza hii." Utashangaa kwamba hakuna atakayekufa. Ukirudi chuoni wahi maabara kabla ya wenzako, mwambie anayejua akupishe kibodi, akuonyeshe. Hisabati umeiweza kwa sababu hapo huoni haya kukaa na kitu usichokielewa. Kompyuta nayo inataka hivyo hivyo.

Jambo la mwisho. Nilikupigia simu mara tatu nikwambie haya faraghani, mara zote yule dada wa kwenye mtambo akanieleza kwamba mteja wangu hapatikani. Umeizima, najua. Ndiyo maana nakujibu hapa. Majina nimebadilisha, vijiji nimevihamisha, lakini birika, sanduku la viatu na moto nimeviacha, na yeyote aliyekuwa ofisini siku ile atajua ni nyinyi kabla hajafika nusu ya ukurasa. Utanilaumu. Nilaumu, mabega ninayo. Ningengoja toleo lingine Ijumaa ingekuwa imepita.

Leo ni Jumatano. Gazeti hili hufika mikononi mwa walimu saa nne, wakati wa chai. Wewe unayelisoma mjini asubuhi una saa mbili au tatu za kuwatangulia. Weka jembe la senge chini, nawa miguu, panda gari la kwenda nyumbani ufike kwa Bi. Phelista kabla ya mtu mwingine yeyote.

Alikuuliza swali pale mlangoni. Nenda ukamjibu.

Jepkosgei