Farasi Uliyemgeuza Mtamba

Shangazi Paskalina,

Sikuanza na shikamoo, na najua huko uliko umeshaliona hilo. Uliwahi kunirudisha kutoka mlangoni kwako hadi barabarani kwa sababu niliingia nikisema "habari." Leo niache niseme kwanza. Shikamoo itafuata kama itapatikana.

Nimerudi kutoka Uingereza wiki tatu zilizopita. Hukujua kama nilichaguliwa. Barua ilifika kazini kwangu Haydom baada ya sisi kukuzika. Wauguzi wawili, mafunzo ya miezi mitatu. Mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe. Namba yako nikaipiga kweli, ikasema haipatikani.

Jumapili moja baada ya ibada, dada mmoja mwenyeji wa kule alinitembeza kwenye bustani ya mji wao. Katikati kuna sanamu ya mwanamke, amesimama kidevu juu, mkono mmoja umeshika kola ya gauni. Chini yake kuna kibao. Yule dada alisema ni mwigizaji wa zamani, enzi za Malkia Viktoria, mwanamke wa karamu za wakubwa, mji mzima ulikuwa ukimzungumzia yeye. Nikasoma kibao mwenyewe, polepole, kama ninavyosoma maelezo ya dawa.

Kilisema alifika mjini na gauni moja la kijivu, na kila jioni alibadilisha kola tu, matajiri wakadhani ana magauni thelathini. Kilisema siku yake ya kwanza jukwaani taa zilizimika, yeye akaendelea kusema gizani mpaka zikawashwa, watu wote wakasimama. Kilisema tajiri mmoja alimpelekea farasi mweupe, naye akamrudisha na ujumbe wa maneno mawili: "Nina miguu."

Shangazi. Nilikaa chini kwenye nyasi. Yule dada alidhani ni baridi.

Maana hayo yote ni yako. Gauni ni lako, la Arusha, la ile miaka kumi na moja uliyosema ulikuwa jukwaani kabla ya kurudi Gitting. Giza ni lako. Ulikuwa unanifunga macho kwa khanga tukimenya viazi, ili nisikie ulivyosema taa zilipozimika. Na "nina miguu" kijiji kizima tunaisema, mpaka watoto wakikataa kubebwa. Farasi tu ndiye uliyemgeuza mtamba wa ng'ombe. Hapo nakusifu, uliwajua wasikilizaji wako.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yako ilitoka Arusha, ikapita Gitting, ikaenda kunisubiri Uingereza.

Unajua kilichoniuma? Si kwamba ulidanganya. Ni kwamba mimi ndiye niliyeusoma uongo wako. Wasifu wa marehemu niliuandika mimi, nikausoma kando ya kaburi mbele ya mchungaji na kata nzima, kwa ile sauti uliyonifundisha. Nilipofika kwenye mtamba wazee waliguna, nani anarudisha mtamba? Nikarudia sentensi, kwa fahari. Na Baba, kaka yako wa tumbo moja, alisimama kofia mkononi akitazama udongo. Kabla hujafa nilikuwa nimekaa mwaka mzima bila kumwamkia, kwa sababu alisema hukuwahi kupanda jukwaa lolote. Nilimwita mwenye wivu. Baba yangu mzazi, Shangazi. Shikamoo niliyomnyima yeye nilikuwa nakuletea wewe.

Niliporudi nilimwuliza kwa nini alinyamaza siku ile. Akasema, "Kaburini hatubishani." Kisha akanielekeza niende Katesh kwa Mama Zuhura, yule muuza vitambaa uliyeishi naye Arusha.

Mama Zuhura alinimiminia chai, akauliza kama nimekuja kujua au kugombana. Nikasema vyote viwili. Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

"Mwanangu, shangazi yako alikuwa anafua. Sote wawili tulikuwa tunafua."

Mlifua kwa bibi mmoja Mwingereza, mzee sana, aliyekuwa na picha ya yule mwanamke wa sanamu ukutani na hakuwa na wa kumsimulia ila nyinyi. Ulisikiliza miaka kumi na moja. Siku ya kupanda basi kurudi nyumbani hukutaka kushuka mikono mitupu.

Basi ungeniambia. Mimi nafuta damu na matapishi ya watu kila siku, ningekudharau kwa kufua? Ulidhani sitakupenda mpaka uwe na jukwaa. Nimekasirika, na sijui hasira hii niipeleke wapi, maana anayestahili kuipokea amelala chini ya mlima Hanang wala hajibu.

Sasa sikiliza. Kesho fundi anamwaga zege juu ya kaburi lako. Ukiwa wodini uliniapisha kwamba zege likiwa bado bichi nitaandika jina lako kwa msumari, na chini yake: Mwigizaji. Baba ameniachia mimi. Amesema nikiliandika hatalifuta.

Sitaliandika. Neno hilo lina mwenyewe, na ameshawekewa sanamu.

Ila leo asubuhi nimefungua sanduku langu la shule kutafuta msumari, nikakuta kola mbili. Unazikumbuka. Niliingia sekondari na shati moja, ukanishonea kola mbili za vifungo. Moja navaa, moja inakauka, na wasichana wa bweni wakadhani nina mashati mengi. Miaka minne. Mshono wake ni mdogo na umebana, mshono wa mtu aliyetunza nguo za wengine muda mrefu. Nimezishika nikalia, halafu nikakasirika tena kwa sababu nimelia.

Kwa hiyo kesho nitaandika jina lako, na chini yake: Alifua. Alishona kola. Atakayeuliza nitamweleza yote, na mtamba nitamrudisha kwa mwenyewe akiwa farasi. Baba nimeshamwamkia. Aliitikia kama vile nilimwamkia jana.

Sijakusamehe. Lakini kila Desemba nitakuja kung'oa magugu, na kila nikija nitakuwa nimesamehe kidogo zaidi. Hilo nakuahidi, na mimi ahadi zangu ni za kweli. Pumzika, dobi wangu.

Shikamoo, Shangazi.

Emiliana