Jina la Kumwomba Mtoto Abaki

Etobicoke, Toronto
9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Évariste Jalala,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mguu wako umepona, au bado unaukanyagia shambani kwa ukaidi wako? Watu wa huko mjini Baraka hawajambo? Mimi mzima, magoti tu yanagomea baridi hii. Mwezi mzima hujaniandikia hata neno moja. Aibu!

Mjukuu wangu Joyeuse amejifungua mtoto wa kiume, miezi miwili kabla ya wakati. Yuko hospitali ndani ya sanduku la kioo lenye joto, mdogo kuliko kiatu chako. Leo siku ya kumi na mbili. Madaktari hawaahidi kitu. Joyeuse wamemkataza kuzaa tena.

Unajua wale wawili wake wa kwanza tuliwazika. Wote niliwapa jina la baba yetu, Asukulu. Mama alipofiwa na watoto watatu, wewe alikuita Jalala, kusudi kifo kikuone takataka, kikupite. Desturi hiyo naijua. Lakini nikajiona nimefika Kanada, huku kuna madaktari, jina la kujidharau la nini? Kiburi changu hicho.

Safari hii nikasema tena Asukulu. Mama mkwe wake Joyeuse, anaitwa Araksi, ni Mwarmenia, Mkristo kama sisi. Akasema, "Hapana, Médiatrice. Huyu ni Mnatsakan." Nikamwuliza, "Hilo jina au kikohozi?" Akanijibu, "Kikohozi kilichoishi miaka tisini na moja." Kiingereza chake kibovu kama changu, kwa hiyo tunagombana vizuri.

Nikanuna siku tisa. Karatasi ya jina ikakaa mezani tupu. Joyeuse akalia, "Bibi, unataka apiganie uhai bila hata jina?"

Alhamisi Araksi akaja kwangu na mkate, akakaa, akanieleza. Ni jina la zamani sana kwao, maana yake abakiye, adumuye. Mama aliyezika watoto humpa anayefuata. Babu yake aliitwa hivyo baada ya kaka zake wanne kufa. Jalala, sisi tulikidanganya kifo. Wao humgeukia mtoto mwenyewe, kila wakimwita wanamwomba akae. Uchungu ni uleule.

Nimekubali. Jana nilipitisha mkono kwenye tundu la lile sanduku, nikamshika kidole, nikamwita. Ulimi ulinikwama mara tatu. Hakufungua macho.

Basi usiende kutangaza Asukulu kanisani. Muombeeni kwa jina lake, hata kama mtalitafuna vibaya, Mungu ataelewa. Wewe Mungu hakukupa mtoto, na mimi sina mjukuu mwingine. Hakuna atakayelibeba tena jina la baba. Nimelilia hilo, kwa hiyo usinianzie ugomvi.

Nisalimie wifi yangu Nicole, mwambie apunguze chumvi, na mzee Moïse jirani yako. Mungu awafunike nyote, asiwaonyeshe kaburi dogo.

Nenda kwa baba pale makaburini, ukamwambie ni mimi niliyeamua. Jina life, mtoto abaki.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikugombeza,
Médiatrice