Vigingi vya Mlima wa Rada

Mpendwa mdogo wangu Naullaq,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na huyo aliye tumboni. Je, mgongo umepungua kuuma? Bado wanakulisha kuku kila siku huko hospitali ya kusini? Sisi huku ni wazima wa mwili. Baba amepata sili wawili wiki hii, na barafu ya ghuba imeanza kubeba watu.

Lakini mwenzio nimepigwa na butwaa. Juzi wapimaji wa udongo walirudi na ndege, wakatuita ukumbini. Walisema mlima wa kituo cha zamani cha rada umejaa sumu, mafuta ya transfoma ambayo wanajeshi waliyamwaga kabla hatujazaliwa. Kwa baridi yetu sumu hiyo haiozi. Inakaa udongoni, inapeperuka na vumbi, na ikiingia mwilini hupita kwa mama hadi kwa mtoto. Si ndiko watu walikochuma matunda meusi mwaka huu?

Mzee Akavak alifoka. "Mlikuwa wapi siku zote? Mnatuambia leo, matunda tumeshayala na kuyanya!" Ukumbi uliangua kicheko. Kiongozi wa wapimaji, mwanamke mpole, alijibu kwamba mwezi wa Julai, sisi tukiwa kambini tunavua, walizungushia mlima vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Waliporudi hawakukuta hata kimoja. Akauliza nani aliving'oa. Akavak akasema labda dubu alitaka vijiti vya kuchokolea meno. Watu wakacheka tena, na mimi nilicheka kuliko wote.

Naullaq, aliyeving'oa ni mimi.

Nilitangulia kurudi kutoka kambini, nikavikuta pale, mbao nzuri zilizochongwa ncha, na unajua huku mti hauoti. Nikadhani wapima ramani wamevisahau. Nikavikusanya vyote arobaini, nikavitumia kuwambia ngozi za sili zikauke, hata ile ya buti zako. Wiki tatu baadaye nikachuma matunda palepale, nikakutumia mfuko mzima kwa kuwa ulilia kwamba chakula cha huko hakipiti kooni.

Jana nilimpigia muuguzi simu akunyang'anye mfuko huo. Nilimwambia matunda yameoza tu. Wewe sikuthubutu kukupigia. Mtafsirie daktari barua hii yote, akupime damu. Nilimwuliza yule mwanamke mara tatu kama mtoto atadhurika, na mara zote tatu alisema huenda asidhurike. Huenda!

Kesho adhuhuri, wote wakisikiliza redio ya kijiji, nitakwenda kujitaja hewani. Baba nitamwambia kwanza.

Nisalimie wauguzi. Baba anakusalimu sana, na kila siku ananiuliza mama anarudi lini, kwa maana tulikubaliana mtoto apewe jina la marehemu ili awe mama yetu tena. Mdogo wangu, mama huyo ndiye niliyemlisha.

Dada yako,
Leetia