Besi Iliyomlaza Bibi

Kwa dada Zuhura, Mbeya.

Shikamoo kutoka kwenye baridi ya Iringa. Jana harusini Mlandege, gari la bendi lilikwama topeni, akafika kwa miguu mpiga besi peke yake, amebeba lile zeze nene lililo refu kuliko mtu. Akalipiga kwa upinde, polepole, sauti nzito ikatetemesha vikombe. Bibi yake bwana harusi, aliyefiwa na mumewe mwaka jana, akafuta machozi.

"Linakoroma kama marehemu," akasema. "Mwambieni arudie pale alipogeuka ubavu."

Mpigaji akarudia kwa heshima zote. Bibi, ambaye hajalala vizuri tangu afiwe, akasinzia kitini akitabasamu. Sisi tukavua viatu, tukacheza kwa kunyata.

Nimekununulia kikapu. Wabusu watoto.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi