Mkanda Uliomwinua Fahali

Bwana Mshauri,

Nakuandikia kwa sababu hapa Noonkopir, Kitengela, sina mtu wa kumwambia jambo hili bila kuvunja ujirani au ndoa, na majina nimeyabadilisha, ila naomba unijibu mapema kwani mdogo wangu, Githongo, atapanda mnara wa tangi la maji huko Kajiado mwisho wa mwezi huu, na mkanda wa usalama atakaouvaa ndio unaoninyima raha.

Mume wangu, Muturi, ni fundi wa minara ya chuma, ana vijana aliowaandika, na vifaa vyao huwekwa kwetu nyumbani. Wakati wa mvua, fahali wa jirani yetu Keynan, anayeuza mifugo, alitumbukia katika shimo la choo lililokuwa bado linachimbwa, na Muturi na vijana wake wakasimamisha mabomba matatu juu ya shimo, wakafunga cheni ya kuinulia vyuma, na kwa kuwa kamba zilikuwa zikimkata fahali ngozi, mmoja akaleta mkanda wa usalama uliokuwa mpya kabisa, ule wa kuvaa mabegani na mapajani, wakaupitisha chini ya tumbo lake, naye alipokaribia kutoka cheni ikateleza, akaporomoka ghafla, kisha cheni ikanasa tena, akaning'inia kwa ule mkanda peke yake, ukamshika, na watu wote wakashangilia. Keynan alituchinjia mbuzi, tukala wote, na tangu siku hiyo mkanda huo ukaitwa Ndume, na vijana wakawa wakigombania kuuvaa.

Mimi ndiye niliyeusafisha, maana ulinuka samadi, nikauloweka usiku kucha katika sabuni na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, nikauanika juani juu ya mabati, ukatoka unang'aa. Nilipokuwa nikiukunja niliona mshono wa mgongoni umefumuka kidogo na utepe mmoja umekuwa mwembamba kuliko mwenzake, nikamwonyesha Muturi, naye akacheka, akaniambia, "Mama Jackie, hiyo imebeba ndume. Githongo ako na kilo ngapi?" Niliporudia maneno hayo siku nyingine alikasirika, akasema tukianza kusema mkanda umeharibika, itaonekana tumekula mbuzi ya Keynan halafu tunamdai.

Githongo ni mgeni katika kazi hii, naye amepewa Ndume kama heshima kwa kuwa ni shemeji wa fundi, akautundika kwenye msumari karibu na kitanda chake hapa kwetu, na wenzake humtania, "Wewe hata ukianguka na hiyo, mnara ndio itakufuata chini." Sisemi kwamba Muturi ana ubinafsi, kwani yeye mwenyewe huvaa mkanda wake wa zamani ingawa angeweza kuuchukua huo. Lakini Githongo ni kitinda mimba, na mama aliponikabidhi kijana huyo alinishika mikono yote miwili. Swali langu ni hili: nimwambieje mume wangu bila kumvunjia heshima mbele ya vijana wake na jirani, au ningoje kazi ya Kajiado imalizike, kisha niufiche mkanda taratibu?

Mama Jackie, Noonkopir

*

Mama Jackie,

Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine zilizotangulia kufika, kwa sababu hizo zinaweza kungoja. Hofu yako ni ya haki. Swali lako, hata hivyo, umeliuliza vibaya. Umeandika mengi kuhusu heshima ya mumeo na machache kuhusu mgongo wa ndugu yako.

Kabla ya kujibu, nilimwuliza mtu aliyesimamia kazi za juu kwa miaka mingi huko Magadi. Alinieleza kwamba mkanda wa aina hiyo hutengenezwa kumkamata mtu mmoja, na ukishakamata kitu kilichoanguka, kazi yake imekwisha, hata kama kwa macho unaonekana mzima. Nyuzi zake huvutika na hazirudi. Ninyi mmechukua jambo lililoumaliza mkanda, mkalifanya ushahidi wa nguvu zake. Fahali alizitumia nguvu hizo zote; hakumwachia Githongo chochote.

Umetaja pia, kwa kupita tu, kwamba uliuloweka katika dawa ya kung'arisha nguo. Dawa hiyo hula nyuzi. Ulifanya kwa nia ya usafi, nami sikulaumu kwa kutojua, lakini sasa umejua. Mkanda uliochafuka huoshwa kwa maji na sabuni isiyo kali, ukaanikwa kivulini.

Kuhusu mbuzi, Keynan alichinja kushukuru kwa kazi mliyomfanyia. Hakuwa akinunua ukimya wenu, wala hamna haja ya kumdai kitu. Mwelezeni tu. Muuza mifugo anajua kwamba mnyama aliyevunjika mguu hapelekwi mnadani ati kwa sababu manyoya yake yanang'aa.

Kungoja kazi ya Kajiado imalizike ni upuuzi, na neno hilo nimelichagua kwa makusudi. Utauficha mkanda baada ya hatari kupita, au baada ya mazishi?

Leo hii, kabla ya chakula cha jioni, utoe mkanda msumarini, uuweke mezani mbele ya Muturi na Githongo, bila vijana wengine kuwapo. Hiyo ndiyo heshima unayoweza kumpa mumeo, na inatosha. Ukate kila utepe kwa kisu, wa mabegani na wa mapajani. Usiutupe ukiwa mzima, maana hapo Kitengela kitu kizima hakilali jalalani, na atakayeuokota atapanda nao mahali pengine. Githongo asiondoe mguu ardhini mpaka apate mkanda ambao haujawahi kukamata kitu. Usipopatikana mapema, abaki chini akiwafungia wenzake vyuma vya kuvutwa juu.

Mumeo akikuzuia mkono, usibishane naye. Umeandika kwamba hana ubinafsi, kwani huvaa mkanda wake wa zamani. Isome tena sentensi hiyo. Fundi anayeusifu mkanda mbele ya watu, akaufunga mwilini mwa shemeji yake, na kila asubuhi akajichagulia mwingine, moyoni anajua. Mwulize, Githongo akisikia, kwa nini yeye hauvai Ndume. Kisha mpe kisu aukate mwenyewe.