Ruhusa Aliyorudishiwa Baba Yako

Chumba cha juu,
Nyuma ya bucha la kona.

Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mpwa wangu Nukta,

Hujambo mwanangu? Mkeo hajambo? Na huyo mjukuu wangu ambaye bado sijamshika, ameshaanza kusimama au bado anatambaa akiokota kila uchafu na kuutia mdomoni? Natumaini kikohozi chako kimeisha na kiwandani wamekupunguzia zamu. Mimi ni mzima, ila bega la kulia linaniuma, na sababu yake utaikuta huko mbele.

Mama yako yu hai. Nimelitanguliza hilo usije ukasoma huku unatetemeka. Yuko hospitali, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Mkono wa kulia una plasta na jicho la kulia limefungwa bandeji. Daktari anasubiri uvimbe ushuke ndipo aseme kama jicho litaona tena. Aliyemfanya hivyo ni baba yako, kaka yangu wa tumbo moja.

Naandika kwenye karatasi kwa makusudi. Kwenye simu ungenikatiza, na mimi nikikatizwa napayuka, unanijua. Keti uisome yote mpaka mwisho.

Unakumbuka siku tuliyofungua blogu ya ukoo, tulipokwisha kumzika babu yako na tukasema picha na hadithi zake zisipotee? Ulitueleza vizuri kabisa. Msimamizi ana ruhusa zote, anaona hata rasimu za watu. Mhariri anagusa kazi za wenzake. Mwandishi anachapisha zake tu. Mchangiaji anaandika, lakini hachapishi mpaka aruhusiwe. Sisi tukafanya nini? Tukagawa vyeo kwa umri, kama tunavyogawana viti mezani! Baba yako akawa msimamizi kwa kuwa ndiye mkubwa, ingawa mpaka leo anaandika kwa kidole kimoja. Mimi nikawa msimamizi kwa kuwa namfuata, na wewe kwa kuwa ndiye fundi wetu. Baba yako mdogo alinuna kuitwa mchangiaji, akadhani analetewa kadi ya mchango wa harusi. Na mama yako, anayejua kuandika kuliko sisi sote tukijumlishwa, akapewa uandishi mtupu kwa kuwa eti ameolewa tu. Tukacheka, tukanywa chai. Hakuna aliyeuliza nani anastahili kuona nini.

Mwezi wa tatu baba yako alimng'oa mama yako meno mawili kwa ngumi moja. Kosa lake lilikuwa kumpa mgongo akimsemesha. Mama yako alikuja buchani kwangu na yale meno kwenye kipande cha gazeti, akayaweka kwenye kaunta mbele ya wateja. Nilifunga bucha saa hiyo hiyo. Nikampeleka kwenye chumba kilicho juu ya tanuri la mikate, tukajua watu watatu tu: mimi, yeye na mama mwoka mikate. Wewe ulikasirika kwamba hatukukuambia yuko wapi. Sikukuambia kwa sababu najua baba yako akikulilia unalainika, na leo nalisema waziwazi.

Kule juu ya tanuri hakuwa na mtu wa kuzungumza naye, basi akawa anaandika. Hachapishi. Anaacha rasimu, na kwa kuwa mwandishi haoni rasimu za mwingine, aliamini za kwake pia hakuna anayeziona. Aliandika jinsi sakafu inavyopata joto mikate ikianza kuokwa, na jinsi anavyoliona duka la matairi akifungua dirisha. Baba yako ni fundi magari, Nukta. Kuna duka gani la matairi asilolijua hapa?

Alifika Jumanne moja alasiri. Aliupiga mlango teke mpaka bawaba zikang'oka. Mama yako alikuwa anachana nywele. Baba yako alimkamata mkono wa kulia akauzungusha mgongoni, akaendelea kuuzungusha huku akimwambia kwa sauti ya chini aombe radhi, na mama yako aliomba, aliomba mara zote alizoambiwa, na mkono ukavunjika hivyo hivyo. Mama mwoka mikate alipanda na ule ubao mrefu wa kutolea mikate tanurini, akamtandika nao mbavuni mpaka ubao ukapasuka. Baba yako akashuka ngazi akitukana. Chini akasimama, akatangaza mbele ya wanunuzi: "Blogu ni ya ukoo wangu, nasoma ninachotaka!"

Ndipo akili ikanikaa sawa. Jioni ile nilimtoa kwenye usimamizi nikamfanya msomaji, aone yaliyochapishwa tu kama mtu baki. Ni kubonyeza mara mbili, basi. Nikamhamishia mama yako kwa mkunga mstaafu, rafiki yangu wa miaka mingi. Nikamwambia kwa mdomo wangu: "Wifi, andika bila hofu. Sasa rasimu zako tunaziona mimi na mwanao tu." Akafurahi. Akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, akaandika kuhusu bustani ya mkunga, kuku wake wabishi, na lango la nyuma ambalo halina komeo.

Jumamosi ya tarehe 1, saa sita mchana, nilikuwa kule na mifupa ya supu. Baba yako aliingia kwa lango lile la nyuma, moja kwa moja, bila kubabaika wala kutafuta njia. Mkononi ana spana ya kufungulia magurudumu. Mkunga alimkabili, bibi wa miaka sabini na mbili, akasema, "Baba, huyu mgonjwa." Spana ikamshukia hapa penye mfupa wa mtulinga, chini ya shingo. Mimi nakata mifupa kutwa, mwanangu, mlio wa mfupa ukivunjika naujua. Ule wa mtu hai sikuwahi kuusikia, na sasa siwezi kuutoa masikioni.

Mama yako hakukimbia. Alimwinamia mkunga amfunike kwa mwili wake, na baba yako akampiga usoni akiwa ameinama. Damu iliruka mpaka kwenye sufuria yangu. Akainua mara ya pili. Mori ulinipanda, nikashika kigoda cha jikoni nikampiga nacho kichwani. Nilimpiga mara mbili, na ndipo bega lilipoanza kuniuma. Ya kwanza ilikuwa ili aache. Ya pili alishaanguka, Nukta, sitakudanganya, ile ilikuwa ya hasira zangu za miaka ishirini na sita ya kunyamaza. Kisha nikamkalia mgongoni mpaka askari walipofika, na kwa kilo nilizonazo asingeinuka hata kwa winchi.

Akiwa chini yangu alikuwa analia. Alisema, "Nyinyi mmenitupa, lakini mwanangu hakunitupa." Nilidhani ni maneno ya mtu aliyegongwa kichwa. Nilipofika hospitali, mama yako akishonwa, nilikaa kwenye benchi la nje nikafungua blogu kwenye simu, nikaenda kwenye ule ukurasa wa kumbukumbu unaoonyesha nani kabadilisha nini. Kuna mstari mmoja wa Alhamisi, saa tisa alasiri. Unasema baba yako ametolewa usomaji akapewa usimamizi. Na jina la aliyempa ni lako.

Sina haja ya kusimuliwa alivyokuambia. Alilia. Alisema dada yake mdogo amemvua heshima mbele ya ukoo, na kwamba yeye anataka tu kuzitazama picha za marehemu baba yake. Kwa kutazama picha usomaji ulimtosha! Wewe uliyetufundisha sote tofauti ya cheo na cheo, ulilijua hilo. Ulimrudishia kila kitu kwa sababu ni baba yako na uliona aibu kumwambia hapana. Sikuiti mbaya. Hata mimi nilimwonea aibu miaka yote hiyo, na mama yako ndiye aliyelipa. Lakini nilikasirika, mwanangu, nilikasirika mno.

Mama yako alipozinduka, jambo la kwanza aliuliza mkunga yuko wapi. La pili akauliza baba yako amejuaje. Kabla sijajibu akanisaidia mwenyewe: "Labda wifi ulisahau kubonyeza mahali." Nikasema ndiyo, nilisahau. Akanipapasa mkono, akasema usijali, hata yeye mambo ya simu humchanganya. Amenisamehe kosa ambalo si langu, na mimi nimekaa nalo wiki nzima.

Baba yako yuko rumande, kichwa kimefungwa. Kesi inatajwa tarehe 20, na askari ameniambia nisishangae akipata dhamana. Mama yako akitoka wodini atakwenda mahali pengine. Pahali hapo sitapaandika humu, wala usiniulize.

Nisalimie mkeo, mwambie nguo za mtoto zilifika na zinakuja nyingine. Baba yako mdogo anakusalimu, siku hizi analala hospitali kwenye kiti, zamu kwa zamu na mimi. Mkunga anakusalimu pia, ingawa hakujui. Mama mwoka mikate anasema ubao mpya ameshauchonga, na huu ni mnene.

Sasa nisikilize. Jana nilimpa mama yako usimamizi wa blogu. Wewe nilikushusha mimi mwenyewe, na baba yako nimemfuta kabisa. Kisha nikamwomba mama yako anishushe na mimi, akanishusha kwa mkono wa kushoto, huku akicheka kwa upande wa mdomo usio na nyuzi. Msimamizi ni mmoja tu. Nimemwonyesha kila kitu isipokuwa ule ukurasa wa kumbukumbu, lakini mama yako si mvivu wa kusoma, na jicho moja linamtosha.

Wewe sasa ni mchangiaji. Utakachoandika kitabaki rasimu, hakitaonekana na yeyote mpaka yeye akisome. Basi andika. Mwambie ni nani aliyebonyeza, umtangulie kabla hajaukuta mstari ule mwenyewe. Akikuruhusu au asipokuruhusu, hiyo ni haki yake.

Mungu akupe ulimi wa kusema ukweli, na akulindie mtoto wako asije akakuogopa.

Mimi shangazi yako, nikupendaye hata leo.